Mhariri, herufi a sio embe

Ndugu Mhariri, salaam.

Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa maswali ya majaribio ya darasa la saba, ambao kwakweli mnaufanya vizuri na watoto wa mtaani kwetu wanaukata na kuubandika kwenye daftari, kuna wengine hata hawajui gazeti lenu linaandika nini zaidi ya huo ukurasa. Swali la aljebra lilisema rahisisha 5a + 3b − 2a + 4b, jibu mkaweka 3a + 7b, hapo hatuna ugomvi kabisa. Ugomvi wangu ni yale maelezo ya chini yake. Mmeandika kwamba a tuseme ni embe na b ni chungwa, maembe 5 ukitoa 2 yanabaki 3, machungwa 3 ukiongeza 4 yanakuwa 7, na embe haliwezi kujumlishwa na chungwa kwahiyo tunaishia hapo.

Najua hayo ya embe na chungwa hamkuyabuni nyie, yapo madarasani miaka nenda rudi, na walimu wanayapenda maana yanaingia haraka, darasa limejaa watoto hadi dirishani na kipindi kinaisha, ukishasema embe kila mtu anaitikia ndiyo mwalimu. Na jibu linatoka sahihi. Hapo ndo pabaya sasa, maana jibu likishatoka sahihi hakuna mtu anayeuliza mtoto amebeba nini kichwani.

Tazameni swali linalofuata kwenye ukurasa wenu huohuo. Linasema ikiwa a = 4 na b = 2, tafuta thamani ya 3a + 7b. Sasa mtoto aliyeambiwa dakika mbili zilizopita kuwa a ni embe, leo embe limekuwaje 4? Mimi nafundisha tuisheni jioni na hili swali nimeliona likijibiwa 106, na sio na mtoto mmoja. Ukimuuliza 106 umeitoa wapi anakuonyesha bila wasiwasi, 34 jumlisha 72. Yaani pale palipokuwa na embe kalitoa embe kaweka 4, pakawa 34, na pale palipokuwa na chungwa kaweka 2, pakawa 72. Kwa hadithi mliyompa hajakosea hata kidogo, maana kwenye hiyo hadithi 3a ni 3 na pembeni yake kuna kitu, basi kitu kikiondoka kinakaa kingine. Hakuna aliyemwambia kwamba kati ya 3 na a kuna kuzidisha kumejificha. Jibu ni 12 + 14, yaani 26, na njia ya kufika huko haipiti kwenye kikapu cha matunda.

Herufi a ni namba, basi. Ni namba ambayo hatujaambiwa ni ngapi, au hatutaki kuambiwa kwa sasa, au inaweza kuwa yoyote. 3a ni 3 mara hiyo namba. Na sababu ya 5a − 2a kuwa 3a mtoto anaijua toka la nne, ila hajui kama anaijua. Mpe 5 × 17 − 2 × 17. Yule wa kukariri atapiga 85, atapiga 34, atatoa, atapata 51. Alafu mwambie hizo ni 17 tano ukiondoa 17 mbili, zinabaki 17 ngapi? Tatu, na 3 × 17 ni 51. Mpe nyingine, 97 × 6 + 3 × 6, mwache ahangaike kidogo na 97 kabla hajashtuka kwamba hizo ni 6 mia moja na jibu ni 600. Akishafurahia huo ujanja futa 17 uweke a, hakuna kilichobadilika. Namba yoyote ukiwa nazo tano ukaondoa mbili zimebaki tatu, na hatukuhitaji kujua ni namba gani. Hiyo ndo maana yote ya kukusanya mitajo inayofanana, yaani vipande kama 5a na 2a, hakuna kitu kingine humo ndani.

Sasa tuje kwenye hilo neno lenu haliwezi kujumlishwa. Hili ndo linaloniudhi kuliko yote, mtanisamehe. 3a + 7b imeshajumlishwa tayari, ile alama ya + iko pale inafanya kazi gani? Kama a ni 4 na b ni 2 jumla ni 26, kama a ni 10 na b ni 1 jumla ni 37. Zinajumlishika vizuri tu. Kisichowezekana ni kuiandika kwa kifupi zaidi ya pale wakati hatujui a na b, maana 3 zinamhusu mmoja na 7 zinamhusu mwingine na hawa wawili hawajatuambia kama ni sawa au la. Kufupisha ni kitu kimoja na kujumlisha ni kitu kingine. Mtoto akimeza kwamba haviwezi kujumlishwa, atafika mbele akutane na mlinganyo umejumlisha x mraba, yaani x mara x, na x kumi na ukasema ni sawa na 39, ataona hisabati inamdanganya.

Na huo mlinganyo sijautunga. Ni wa al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyekuwa Baghdad karne ya 9, kitabu chake ndo kilichoipa aljebra jina lake. Mraba mmoja na mizizi kumi yake, mzizi ni ile namba yenyewe iliyozidishwa, ukivijumlisha unapata 39, sisi leo tunaandika x² + 10x = 39. Jibu moja ni 3, jaribuni, 9 + 30 = 39. Yule mzee aliandika yote kwa maneno, hakuwa na x wala alama ya kujumlisha, lakini alijua mraba ni mraba na mzizi ni mzizi na namba tupu ni namba tupu, vya aina moja anavikusanya pamoja, vya aina tofauti anaviacha vikae kila kimoja peke yake, na bado vyote kwa pamoja vinaleta 39. Herufi zenyewe zimekuja baadaye sana, Mfaransa François Viète alianza kuzitumia kwa mpangilio mwaka 1591, na hii tabia yetu ya x na y kwa visivyojulikana na a, b, c kwa vinavyojulikana ni ya Mfaransa mwingine, René Descartes, 1637. Huyo Viète alikuwa anakataa kabisa kujumlisha urefu na eneo, akiona ni vitu vya aina mbili, kidogo kama embe na chungwa lenu. Descartes ndo akaja na njia ya kutoka hapo, akachagua urefu mmoja auite 1, na kwa huo akafanya hata a mraba iwe mstari kama a. Sisi mwaka huu tunawarudisha watoto nyuma ya 1637!

Turudi kwenye matunda yenyewe. Nimpe mtoto wa embe swali hili, rahisisha 2ab + 3a + ba. Naomba mwandishi wenu aniambie embe mara chungwa ni tunda gani. Na 3a² + 2a je, embe mraba? Watoto wakifika hapa wanagawanyika, kuna wanaojumlisha kila kinachoonekana wanapata 5a³, kuna wanaopata 5a², kuna wanaoacha wazi. Hadithi imekwisha na hakuna mtu aliyewapa kitu cha kushika. Lakini kwa yule anayejua kwamba a na b ni namba, ab na ba ni kitu kilekile maana 4 × 2 na 2 × 4 ni sawa, kwahiyo 2ab na moja nyingine zinakuwa 3ab, na 3a inabaki ilipo, jibu 3ab + 3a.

Kwa a mraba kuna njia ambayo naona haitumiki na wakati ipo bure. Watoto toka darasa la pili wanapanga mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, mamia chini ya mamia, na ukiweka kumi chini ya mia mwalimu anakukata. Chukua 324 + 251. Mia 3 na mia 2 ni mia 5, kumi 2 na kumi 5 ni kumi 7, moja 4 na moja 1 ni 5, jumla 575. Sasa kumi iite a, mia si ni kumi mara kumi, basi ni a². Hesabu ileile inakuwa 3a² + 2a + 4 jumlisha 2a² + 5a + 1, jibu 5a² + 7a + 5. Mtoto anaona kwa macho yake kwanini a² haiunganishwi na a, ni kwasababu hiyohiyo ya mia na kumi, na hapo hakuna tunda lolote. Tofauti ni moja tu, kwenye makumi ukifika 10 unabeba kwenda mamia, kwenye aljebra hubebi, maana a hatujui kama ni kumi au vipi. Mweleze hiyo tofauti, watoto wanaielewa kuliko tunavyodhani.

Kuna watu wataniambia bwana we, watoto wadogo wanahitaji vitu vya kushika, huwezi kuanza na namba hewani. Sawa, nakubali, mpeni vitu, lakini herufi muiweke mahali pake. Mfano chukueni mama lishe. Meza ya kwanza wameagiza sahani 3 za wali na 2 za ugali, meza ya pili sahani 4 za wali na 1 ya ugali. Hapa w SIO wali, w ni bei ya sahani moja ya wali, na u ni bei ya sahani moja ya ugali, yaani zote ni namba za shilingi. Meza ya kwanza inadaiwa 3w + 2u, ya pili 4w + u, kwa pamoja 7w + 3u. Mama lishe anajumlisha sahani kwanza, bei anaweka mwishoni. Leo wali 2,500 na ugali 2,000, anadai 17,500 na 6,000, jumla 23,500. Mwezi ujao mchele umepanda wali ukawa 3,000, ile 7w + 3u haijaguswa, anabadilisha namba ndani yake tu, 21,000 na 6,000, jumla 27,000. Na wali na ugali vimejumlishwa bila ugomvi wowote kwasababu kilichojumlishwa ni hela! Ukisema w ni wali, mtoto hataona shilingi zimetoka wapi.

Mkiona nakuza jambo dogo, hili limeshachunguzwa na watu wa nje huko. Uingereza mwaka 1981 alitoa matokeo mtafiti anaitwa Dietmar Küchemann baada ya watoto maelfu kupimwa, akaonyesha wengi wao wanaichukua herufi kama kitu au kifupi cha jina la kitu, na sio kama namba, na kwamba hao wanaweza maswali rahisi ila wanakwama yakiwa magumu kidogo. Marekani John Clement wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliwapa wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi sentensi moja, katika chuo hiki wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, waandike kwa S na P, S iwe idadi ya wanafunzi na P idadi ya maprofesa. Asilimia 37 walikosa, na kosa kubwa lilikuwa 6S = P. Kuna waliokuwa wanasoma wanafunzi 6 kwa profesa 1, S wakaifanya mwanafunzi badala ya idadi ya wanafunzi. Jibu ni S = 6P, weka P iwe 10 uone, wanafunzi 60. Hao ni wahandisi watarajiwa na sio watoto wa la saba, kwahiyo ugonjwa wa embe hauponi wenyewe kwa kukua.

Dawa ya kwanza ni kumfundisha mtoto kujikagua. Ameandika 3a + 2b = 5ab? Mwambie aweke a = 3 na b = 10, kushoto 9 + 20 ni 29, kulia 5 × 3 × 10 ni 150, hazilingani, basi amekosa na hahitaji mwalimu amwambie. Lakini angalieni namba anazoweka, hapa hata walimu wanateleza. Asiweke 1, maana 3a + 2 na 5a ukiweka 1 zote zinatoa 5 na mtoto ataondoka ana furaha ya uongo. Asiweke 2 pia, maana a + a na a × a zote zinatoa 4, na 0 nayo inaficha mengi. 3, 7, 10 ni nzuri. Na akumbuke namba zikitofautiana amekosa kwa uhakika, ila zikilingana mara moja sio uthibitisho, ajaribu na nyingine.

Alafu kuna hii ya 4x − x. Mtoto anajibu 4, anasema nimeondoa x imebaki 4. Kwa mwendo wa herufi ni kitu yuko sawa kabisa, ulikuwa na 4 na x, x imeondoka. Weka 10 uone, 40 − 10 ni 30, yaani 3x. Ile x peke yake ni 1 mara x, hiyo 1 tumezoea tu kutoiandika, na sidhani kama kwenye maelezo yenu imewahi kutajwa.

Na nisisahau alama za kutoa, maana hapa MAGAZIJUTO inawaponza watoto bila yenyewe kuwa na kosa. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ndo mpangilio wa kipi kianze kwenye hesabu, wanaiimba vizuri. Sasa wape 8a − 3a + 2a. Mtoto anasema JU iko mbele ya TO, basi anajumlisha 3a na 2a anapata 5a, alafu 8a − 5a, jibu 3a. Weka 10, 80 − 30 + 20 ni 70, kwahiyo jibu ni 7a, amekosa vibaya. Kosa sio la JU kuja mbele, kosa ni kwamba ile 3a ina alama ya kutoa mbele yake na yeye ameinyang'anya akaiingiza kwenye kujumlisha. Zinazojumlishwa ni 8a na 2a, hizo ni 10a, alafu unatoa 3a, 7a. Alama inatembea na namba iliyo nyuma yake popote inapohamia, na kwenye swali lenu la 5a + 3b − 2a + 4b hili ndo lilikuwa jambo kubwa la kueleza, maana pale mtoto anahamisha −2a kuipeleka karibu na 5a na akiisahau ile alama njiani anapata 7a. Nyie mkatumia nafasi yote kwenye matunda.

Sisemi mwandishi wenu hajui hisabati, jibu lake lilikuwa sahihi na wengi tunamheshimu. Ila huyu mtoto mwakani anaenda kidato cha kwanza, hesabu zitageuka ziwe kwa kiingereza, na zitakuja mabano, sehemu zenye herufi chini na juu, vipeo, vyote kwa mwaka mmoja, na kila mtu anajua Basic Mathematics inawafanya nini watoto wetu kwenye matokeo ya kidato cha nne kila mwaka. Akiingia huko na embe mfukoni hana cha kufanya nalo.

Ombi langu kwenye toleo lijalo ni dogo. Lile swali lirudisheni na maelezo mapya, hata haya yangu chukueni bila kunitaja: a ni namba ambayo hatujaambiwa ni ngapi na b vilevile, a zilikuwa 5 tukatoa 2 zimebaki 3, b zilikuwa 3 tukaongeza 4 zimekuwa 7, na kwasababu hatujui kama a na b zinalingana hatuwezi kufupisha zaidi, jaribu kuweka a = 10 na b = 3 pande zote mbili uone kama zinalingana, zitatoa 51 na 51. Alafu wawekeeni na lile la 2ab + 3a + ba na moja la 8a − 3a + 2a. Na majibu tafadhali yasikae chini ya swali, yapelekeni toleo linalofuata, maana hawa wa kwetu wanaanza kusoma ukurasa kutokea chini.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa tuisheni, Morogoro